Vipimo vya Nuru Vijaribiwe kwa Ngozi Zote

Ugonjwa wa kisukari huharibu mishipa midogo ya damu ya macho, figo na miguu kimyakimya, kabla mgonjwa hajahisi maumivu. Ndiyo maana wataalamu wanakithamini kipimo cha nuru: taa ndogo humulika ngozi, na kifaa hupokea mwanga unaorudi na kuonyesha jinsi damu inavyojaa na kupungua kwa kila pigo la moyo. Hakuna sindano wala kisu. Alrick Hertzman wa Marekani aliieleza njia hii katika miaka ya 1930.

Lakini rangi ya ngozi nayo hufyonza nuru, hasa ya kijani. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walidhihirisha kwamba kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ambacho nacho hutumia nuru, kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa weupe. Na hicho ni kifaa kilichoaminiwa hospitalini kwa miongo kadhaa!

Kwa hiyo ofisi yoyote inayonunua vifaa vya namna hii kwa zahanati za Afrika haina budi kumwuliza muuzaji vimejaribiwa kwa watu wangapi, na wa ngozi gani. Muuzaji asiyeweza kujibu kwa maandishi asipewe zabuni.