UCHAMBUZI: Kipepeo wa ukutani atoweka huku nyasi zikikosa mtetezi

JUNI 17, 2024, mawaziri wa mazingira wa Muungano wa Ulaya walikutana Luxembourg kupigia kura sheria ya kurejesha mazingira asilia yaliyoharibiwa. Miezi michache awali, wakulima wa nchi kadhaa za bara hilo walikuwa wamefunga barabara kuu kwa matrekta wakilalamikia gharama, bei na kanuni za mazingira, na wengi waliamini kwamba sheria hiyo ilikuwa imekufa. Iliokolewa na waziri mmoja, Leonore Gewessler wa Austria, aliyeiunga mkono kinyume na matakwa ya Kansela wake, Karl Nehammer.

Mengi yaliandikwa kuhusu mvutano huo wa Vienna. Machache yaliandikwa kuhusu kipengele ambacho, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndicho cha ajabu zaidi katika sheria yenyewe: kwamba serikali zinaweza kupimwa kwa idadi ya vipepeo. Kila nchi mwanachama inatakiwa kuonyesha nafuu katika mashamba yake kwa vigezo viwili kati ya vitatu. Kimoja ni kaboni iliyomo udongoni. Cha pili ni sehemu ya ardhi ya kilimo iliyoachiwa nyua, miti, vidimbwi na mimea ya asili. Cha tatu ni hesabu ya vipepeo wa nyasi.

Vipepeo hao ni wa aina 17. Mmoja wao, Lasiommata megera, Waingereza wamempa jina la ukuta kwa kuwa hupenda kuota jua juu ya kuta za mawe na kwenye vijia visivyo na majani. Tumwite kipepeo wa ukutani.

Si mdudu wa kumsimamisha mpita njia. Upande wa juu wa mabawa yake ni wa rangi ya chungwa iliyokatizwa na mistari ya kahawia mithili ya vyuma vya dirisha, pamoja na vidoa mfano wa macho. Akiyafunga mabawa, upande wa chini ni wa kijivu na hudhurungi, nawe huwezi kumtofautisha na jiwe alilotulia juu yake.

Wapigapicha wanaomfahamu husema kwamba humfunza mtu subira. Ukimkaribia kwa haraka huruka hatua chache mbele, akatua tena kwenye kijia kile kile, kana kwamba anakuongoza njia. Ukimfuata tena, hufanya vivyo hivyo. Dawa yake ni kuinama, kusogea polepole na kuhakikisha kivuli chako hakimwangukii. Wakati mzuri ni asubuhi, mwili wake ungali baridi, kwani hapo hutandaza mabawa apate joto la jua kutoka juu na la jiwe kutoka chini. Anayemkimbiza hurudi nyumbani na picha za mawe.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waingereza walimpoteza kipepeo mkubwa wa buluu mnamo 1979, na miaka ya 1980 wakaleta wengine wa jamii hiyo kutoka Uswidi ili kumrejesha. Hadi leo watu husafiri safari ndefu wakiwa na kamera za bei ghali kwenda kumtazama kwenye vilima vichache anakoishi. Kipepeo wa ukutani hakupata bahati hiyo. Alikuwa wa kawaida mno, na kiumbe wa kawaida anapopungua hakuna anayepiga kamsa kwa sababu kila mtu anadhani bado yuko kwa jirani.

Takwimu zilipotolewa, zilishtua. Kati ya 1976 na 2014, wingi wake nchini Uingereza ulipungua kwa asilimia 87, na maeneo anakoonekana yakapungua kwa asilimia 77. Ametoweka katika sehemu kubwa za bara la kati na kusini mwa Uingereza, akabaki hasa ukanda wa pwani, huku upande wa kaskazini akisogea mbele kuelekea Uskoti. Kwa jumla, Shirika la Mazingira la Ulaya lilieleza mwaka wa 2013 kwamba vipepeo wa nyasi wa aina zile 17 walikuwa wamepungua kwa karibu nusu kati ya 1990 na 2011.

Inafaa kuuliza hesabu hizo zilipatikanaje, maana hapa ndipo penye funzo la utawala kuliko la elimu ya wadudu. Miaka ya 1970 mtafiti Ernie Pollard alibuni utaratibu rahisi kupindukia: mtu huchagua njia moja, huipita kila wiki kuanzia Aprili hadi Septemba kukiwa na jua, na kuhesabu vipepeo walio ndani ya mita chache mbele yake. Mwaka unaofuata hurudia njia ile ile. Mpango wa kitaifa ulianza 1976 na haujakoma. Wengi wa wanaotembea ni watu wa kujitolea tu, wasiolipwa hata nauli.

Picha peke yake haiwezi kufanya kazi hiyo. Picha huthibitisha kwamba kipepeo alikuwapo mahali fulani siku fulani. Haithibitishi kwamba hayupo tena, wala kwamba wenzake wamepungua. Isitoshe, mwenye kamera huvutwa na umbo zuri na kiumbe adimu. Hata hivyo, simu ya mkononi imegeuza mamilioni ya watu kuwa mashahidi. Tangu 2010, shirika la Butterfly Conservation huwaomba Waingereza kila kiangazi kukaa dakika 15 mahali pamoja na kuhesabu vipepeo wanaowaona. Matokeo ya 2024 yalikuwa mabaya kuliko yote yaliyotangulia, na Septemba mwaka huo shirika hilo likatangaza hali ya dharura.

Sababu za kupungua ndizo zinazotatiza. Ni kweli kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1980 Uingereza na Wales zilipoteza takriban asilimia 97 ya makonde yake ya nyasi yenye maua mengi, yakilimwa au kutiwa mbolea ili yatoe lishe zaidi ya mifugo. Lakini viwavi wa kipepeo huyu hawadai chakula adimu. Hula nyasi za kawaida zinazoota kando ya kila barabara. Iweje basi afe njaa katikati ya karamu?

Maelezo mawili yana uzito. La kwanza ni nitrojeni, inayotoka kwenye mbolea, samadi na moshi wa magari. Nitrojeni huzistawisha nyasi zikasongamana, zikaifunika ardhi na kukizuia kijua cha mwisho wa baridi kisiguse udongo. Kiwavi aliyepitisha majira ya baridi chini ya nyasi hizo huamkia kwenye ubaridi hata kama hewa ya juu imepata joto. Vile viraka vya udongo mtupu anavyovipenda mzazi wake navyo huzibwa.

La pili lilitolewa Ubelgiji na Hans Van Dyck na wenzake mwaka wa 2015. Kwa kawaida kipepeo huyu huzaa vizazi viwili kwa mwaka, na viwavi wa kizazi cha pili hulala hadi majira ya kuchipua. Joto linapozidi mwishoni mwa kiangazi, viwavi hao hudanganyika, wakaharakisha kuwa vipepeo wa kizazi cha tatu mwezi wa Oktoba. Watoto wa kizazi hicho hukutwa na baridi kabla ya kukua vya kutosha, wakaangamia. Watafiti walipoweka viwavi nje sehemu mbalimbali, wale wa bara walinaswa na mtego huo zaidi ya wale wa pwani, ambako bahari huipoza hewa. Hiyo ni dhana, si hukumu ya mwisho, lakini inalandana na ramani ya mahali alikosalia.

Kwa hivyo mkulima hawezi kutwikwa lawama zote, na hapo ndipo sheria ya Ulaya inapopwaya. Serikali inaweza kumlipa mkulima apunguze mbolea na kuchelewesha kukata nyasi. Haiwezi kumlipa aipoze Oktoba. Nchi wanachama zinatakiwa kuwasilisha rasimu za mipango yao ifikapo Septemba 1, 2026, na kuonyesha nafuu ifikapo mwishoni mwa 2030. Uingereza, ambako hesabu hii ilizaliwa, haibanwi na masharti hayo kwa kuwa ilijitoa katika muungano huo mwaka wa 2020.

Msomaji wa Nairobi au Narok huenda akauliza yanamhusu nini. Sisi pia tunaiuzia Ulaya vipepeo. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke umewawezesha wanakijiji kufuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyao ng'ambo, kwa ajili ya nyumba za maonyesho. Ni mradi wa kupongezwa. Lakini hao ni vipepeo wa msituni, wenye mabawa ya kung'aa, na mradi umeupa msitu watetezi wenye sababu mfukoni. Nyasi hazina mnunuzi kama huyo.

Nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni kame au nusu kame, yenye nyasi na vichaka, inajipima kwa miti. Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Hakuna mwenye akili timamu anayepinga kurejesha Mau au Aberdare. Tatizo ni pale uwanda wa nyasi unapohesabiwa kuwa ardhi tupu inayosubiri miche. Uwanda wa Kinangop ni shahidi: nyasi zake za nyanda za juu, zilizo mikononi mwa watu binafsi, zimekuwa zikigeuzwa mashamba ya viazi na vishamba vya miti, na ndege aitwaye Macronyx sharpei, asiyepatikana nje ya Kenya, sasa yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka wa 2026 kuwa wa kimataifa wa nyanda za malisho na wafugaji. Picha za vipepeo wa Afrika nazo zina pa kupelekwa: hifadhi ya LepiMAP, iliyoanzia Afrika Kusini, hupokea picha kutoka bara zima pamoja na tarehe na mahali ilipopigwa. Na huko Kinangop wapo wenyeji wa kundi la kujitolea ambao wamekuwa wakimfuatilia ndege huyo kondeni. Tayari wanatembea katikati ya nyasi, wakiwa na daftari mkononi. Kuongeza humo safu moja ya vipepeo hakuhitaji bajeti ya wizara.