Neno "Otofajia" na Swaumu Zetu

Juma lililopita, baada ya Swala ya Isha, mzee mmoja wa jamaa yetu alinionesha ujumbe katika simu yake. Ulidai kwamba mwanasayansi wa Japani alitunukiwa Nobel kwa kuthibitisha kuwa swaumu ya Ramadhani hutibu kila maradhi. Mzee wetu ana kisukari, na kwa ujumbe huo alikwisha kuazimia kuacha dawa na kufunga kila Jumatatu na Alkhamisi. Nikamwomba tuketi.

Otofajia limetokana na Kiyunani: "auto", yaani nafsi, na "phagein", kula. Ni kujila. Mfaransa Anselmier alilitumia mwaka 1859, lakini maana tuliyonayo leo ilitolewa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963, katika mkutano wa wanasayansi jijini London. Ndiye aliyegundua lisosomu, vifuko vidogo ndani ya seli vyenye vimeng'enya vikali. Seli huzungushia utando sehemu zake zilizochakaa, kisha furushi hilo huungana na lisosomu, na vilivyomo vikavunjwavunjwa na kutumiwa upya. Mithili ya seremala anayebomoa kitanda kibovu ili aokoe mbao. Seli ikikosa chakula, kazi hiyo huzidi. Jina, kwa kweli, linatisha kuliko jambo lenyewe.

Na huyo Mjapani? Ni Yoshinori Ohsumi, aliyepata Nobel mwaka 2016. Alichokichunguza ni hamira, jamaa ya hii tunayotia katika maandazi! Aliinyima chakula, akaitazama kwa hadubini, kisha akazitafuta jeni zinazoiendesha kazi hiyo. Tuzo ilikuwa kwa kazi hiyo. Ramadhani haikuwamo, wala mgonjwa wa kisukari.

Najua wapo ndugu watakaoona ninaipunguzia dini fakhari. Lakini sisi hufunga kwa kuwa ni ibada, na hatukuwahi kuingoja Stockholm ituruhusu. Tena kuitetea swaumu kwa habari isiyo ya kweli ni kuidhulumu, ilhali ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo katika Suratul Baqara, na watoto wa madrasa wanaijua.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akatoa pakiti ya vidonge katika mfuko wa kanzu, akaniuliza, "Basi mwanangu, hivi vya usiku ni kabla ya chakula au baada?" Nikamwambia hilo tutamwuliza daktari wake asubuhi, nami nitamsindikiza.