Pengwini Hawajaalika Mtu, Tuhesabu Meli Kwanza

Kama simu yako ni kama yangu, ushaiona ile video. Mashua ya mpira inakaribia ufuo, abiria wamevaa majaketi mazito, na mbele yao pengwini wamejaa hadi huoni mchanga. Hapo ni South Georgia, kisiwa cha kusini mwa Atlantiki kinachotawaliwa na Uingereza (Argentina nayo inadai ni chake). Katika ghuba moja tu, St Andrews, kuna jozi kama 150,000 za pengwini mfalme. Wenyeji hakuna, ni watafiti na maafisa wachache. Uwanja wa ndege pia hakuna. Unaenda kwa meli, siku kadhaa baharini, na safari yenyewe ni dola 10,000 kwenda juu. Geuza iwe shilingi, kunywa maji, halafu turudi tuongee.

Utaniambia hiyo ni stori ya wazungu wenye doo. Sawa, lakini wale nyangumi wanaopita Watamu kuanzia Julai hutoka Bahari ya Kusini. Si lazima wawe wa South Georgia, ila bahari ni hiyo hiyo, na historia yake inawagusa. Kati ya 1904 na miaka ya 1960, nyangumi wapatao 175,000 walichakatwa kuwa mafuta kwenye vituo vya kisiwa hicho. Mitambo iliyojaa kutu bado iko Grytviken, na leo watalii wanaipiga picha wakienda kuona kaburi la Shackleton.

Meli za wawindaji zilileta kitu kingine: panya. Panya wakala mayai na vifaranga kwa zaidi ya miaka mia moja. Kuwamaliza kulihitaji helikopta za kumwaga sumu kuanzia 2011 hadi 2015, kisha mbwa wa kunusa kuhakikisha, na ni 2018 ndipo kisiwa kilitangazwa hakina panya. Hebu fikiria kazi yote hiyo, halafu panya mmoja mwenye mimba ajifiche kwenye mzigo wa meli.

Ndiyo maana sheria ni kali. Unasugua viatu, unatoa mbegu zilizonasa kwenye nguo, na watu ufuoni hawazidi 100 kwa wakati mmoja. Homa ya ndege ilipofika 2023, baadhi ya fuo zilifungwa kabisa. Kusema haki, virusi hivyo huenda vililetwa na ndege wanaohama, si watalii. Lakini sili na ndege wanapokufa hivyo, si wakati wa kuwaongezea presha.

Shida yangu ni hesabu. Mia moja kwa wakati mmoja, sawa, lakini meli ngapi kwa msimu? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watalii wa Antaktika hawakufika 10,000 kwa mwaka. Siku hizi wanapita 100,000. Ukiruhusu watu mia, wakitoka waingie mia wengine, hiyo ni matatu ya kubadilisha abiria tu, bana. Pengwini aliyelalia yai hajui kwamba kundi la pili limefuata sheria.

Kampuni husema kila abiria anarudi nyumbani akiwa balozi wa mazingira. Wengine ndiyo: michango ya abiria ilisaidia kulipia ile vita ya panya, na hilo siwezi kulipuuza. Wengine ni mabalozi wa picha ya wasifu tu. Kwa hivyo sisemi wafunge. Nasema waweke kikomo cha wageni kwa msimu mzima, na sehemu ya nauli iende moja kwa moja kwa ukaguzi wa meli na mbwa wa kunusa.

Na usidhani nasema hivi kwa sababu siwezi kulipa. Mimi ningeenda hata kesho, niliyeacha chuo na kila kitu. Lakini kama hiyo inamaanisha foleni iwe ya miaka kumi, wasee, andikeni jina langu huko nyuma.