Usimwache Amelala Tu

Mama mmoja wa kambini ameuliza afanyeje na mwanawe wa miezi minne. Mtoto ni mlegevu, shingo haijakaza, na majirani wamemwambia asijisumbue naye. Mumewe yuko kazini mbali. Hospitali imempa jina la hali hiyo: Down.

Dada yangu, hilo ni jina la daktari Mwingereza aliyeieleza hali hiyo mwaka 1866. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake, huko Ufaransa, walitangaza kiini chake: chembe za mwili wa mtoto zina kromosomu 47 badala ya 46. Si laana, wala si kosa lako au la mumeo.

Kwanza moyo wake upimwe, maana karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Masikio pia yapimwe.

Daktari akiridhika, anza leo. Ulegevu huo ni wa misuli. Mtoto akiwa macho, mlaze kifudifudi kifuani mwako, umwite ili ainue kichwa. Baadaye mlaze mkekani, umwekee mbele kikombe cha bati king'aacho. Dakika chache zatosha, lakini mara nyingi kwa siku. Unapopika, zungumza naye, ukifuatisha maneno na ishara za mkono. Wengi wao huelewa kabla ulimi haujatii. Kutembea huja karibu na miaka 2, pengine zaidi, basi usimpime kwa mtoto wa jirani.

Naye baba akija likizo, mpe mtoto amlaze kifuani mwake.