Alama thelathini za kuzungumza bila kufungua mdomo

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina alama 60. Ishirini ni za uandishi wa kiuamilifu: barua, ripoti, kumbukumbu za mkutano. Kumi ni za kujaza mapengo. Thelathini zinazobaki, nusu nzima ya karatasi, ni za stadi za kuzungumza. Hakuna anayezungumza. Ukumbi umetulia tuli, msimamizi anapitapita kati ya madawati, na kila mtahiniwa ameinamia kalamu yake.

Maswali yenyewe yametungwa kwa ufundi. Mtahiniwa hupewa, kwa mfano, mazungumzo ya simu baina ya kijana anayetafuta kazi na karani wa ofisi, kisha huambiwa aandike kijana huyo amekosea wapi: hakujitambulisha, alimkatiza mwenzake, alikata simu bila kuaga. Huenda akapewa neno kama "debt" au "receipt" ataje herufi isiyotamkwa. Au ataletewa shairi fupi aeleze angeughani vipi mshororo wa mwisho. Kwa swali la aina hii walimu wazoefu wana dawa yake: taja kupandisha au kushusha sauti, taja ishara ya mikono, taja uso, halafu toa sababu. Mwanafunzi ambaye hajawahi kughani hata ubeti mmoja mbele ya watu anaweza kuzoa alama zote na kwenda zake.

Lawama hapa haiwaendei walimu. Silabasi inataka kusikiliza na kuzungumza kufundishwe, lakini kipindi cha mjadala kina mshindani mkali, nacho ni marudio ya karatasi za miaka iliyopita. Kwenye darasa la wanafunzi hamsini na ushei, kila mmoja akipewa dakika moja tu ya kusema, kipindi kimekwisha na hakuna aliyesahihishwa. Mwalimu mwenye akili timamu hufundisha kile kitakachosahihishwa.

La ajabu ni kwamba Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, linajua fika jinsi ya kuupima ulimi. Anayefanya Kifaransa au Kijerumani katika KCSE hiyo hiyo ana karatasi ya tatu ambayo ni ya mdomo. Anaketi mbele ya mtahini, anaulizwa, anajibu, anababaika, anajikwamua. Kwa hiyo kijana wa Kenya anaweza kumaliza shule akiwa amepimwa anavyoizungumza lugha ya Paris, na asipimwe hata siku moja anavyoizungumza lugha atakayohojiwa kwayo akiomba kazi Nairobi.

Sababu ni hesabu. Mwaka 2024 waliofanya KCSE walizidi 960,000, na Kiingereza ni lazima kwa kila mmoja wao, ilhali wa Kifaransa ni sehemu ndogo tu ya umati huo. Kumketisha kila mtahiniwa mbele ya mtahini wa kutoka nje kungehitaji jeshi la watahini, nauli na posho zao, na wiki kadhaa za kalenda. Kwa mtihani mmoja wa mwisho wa mwaka, KNEC haina budi kukimbilia karatasi.

Lakini sasa mtihani mmoja wa mwisho si mfalme tena. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu chini ya mfumo wa umilisi, CBE. Awe mwanafunzi amefuata mkondo wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii au wa sanaa na michezo, Kiingereza anacho. Na kundi hili lilifika hapo kwa hesabu mpya: asilimia 60 ya matokeo ilitokana na mtihani wenyewe wa Gredi ya 9, KJSEA, 20 ikatokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 20 nyingine ikatokana na mtihani wa Gredi ya 6, KPSEA. Maana yake, alama anazotoa mwalimu wa darasani zimeshakubaliwa kuwa alama halali. Mlango umefunguliwa. Kitakachoshangaza ni mtihani wa mwisho wa kundi hili, mwaka 2028, ukija tena na mazungumzo ya simu ya kuandikwa.

Kupima mdomo si kupima lafudhi. Kila aliyesoma Kenya anajua maana ya kushrabu, yaani kutamka Kiingereza kwa lafudhi ya lugha ya mama, na anamkumbuka mwanafunzi aliyechekwa na darasa zima kwa kuchanganya "r" na "l" kisha akanyamaza mpaka kidato cha nne. Hofu hiyo ina mizizi mirefu. Marehemu mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika jinsi shule za utoto wake zilivyopitisha kitufe mkono kwa mkono kumnasa aliyeongea Kikuyu, na jinsi waliopatikana walivyochapwa au kuvishwa kibao cha chuma shingoni. Shule nyingi zilikuja kuwa na kibao chao cha namna hiyo, "diski", na waliowahi kuivaa wangali wengi. Mbinu hiyo ilikusudiwa kuleta Kiingereza. Mara nyingi ilileta ukimya, kwa kuwa njia salama kuliko zote ya kuepuka diski ni kufunga mdomo.

Ukitaka kuona lugha ikishika bila vitisho, nenda Malindi au Watamu. Vijana wa ufukweni huko wanaongea Kiitaliano cha kuuza vinyago, kupanga safari za mashua na kubembeleza bei, na wengi hawakukisomea darasani. Sarufi yao ingemtoa mwalimu machozi. Ila mteja anaelewa, anacheka, analipa. Walikuwa na mtu wa kuongea naye na sababu ya kuongea, mambo mawili ambayo mwanafunzi wa Kiingereza hunyimwa kwa miaka yote ya sekondari, isipokuwa yule mwenye bahati anayeingia chama cha mijadala au kikundi cha tamasha la drama.

Pingamizi kubwa linajulikana: walimu watajaza alama za bure. Wataweza, na baadhi watafanya hivyo. Hata hivyo simu inayorekodi sauti iko mfukoni mwa karibu kila mwalimu. Shule ingeweza kurekodi kila mwanafunzi mara moja kwa muhula akifanya jambo la kweli: kumwelekeza mgeni njia, kueleza jaribio la maabara, kulalamika kwa adabu juu ya bidhaa mbovu, kujibu maswali ya usaili. KNEC ingechagua sampuli bila kutoa taarifa, ikasikiliza na kulinganisha na alama zilizotumwa, na shule iliyozidisha ikashushiwa zote. Watahini wa kufanya hivyo ni wachache kuliko wale wa kuzunguka nchi nzima, na dakika tatu za sauti hazisahihishwi polepole kuliko insha.

Linalohitaji fedha ni darasa lenyewe. Mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi hamsini hamsini ana sauti 200 za kusikiliza kila muhula, yaani saa kumi, juu ya insha zile zile 200. Wizara ikiongeza kazi hiyo bila kumpunguzia vipindi wala kuajiri wenzake, rekodi zitafanywa usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho, na wanafunzi watakuwa wanasoma majibu kutoka kwenye karatasi.