Neno la Mhariri: Askari Ishirini Wanaoitwa Jeshi

Wapenzi wa magemu ya dunia za kubuni wana lalamiko moja lisilochuja. Hadithi hutangaza vita vitakavyoamua hatima ya ulimwengu: wafalme wanahutubia, baragumu zinalia, wajane wa kesho wanaagana na waume zao. Uwanja ukifunguliwa, wanatokea askari ishirini, wakizidi thelathini, wakikimbizana kandokando ya ukuta mmoja. Toleo hili limelipa lalamiko hilo uzito unaostahili. Msimamo wa mhariri ni kwamba wachezaji wana haki ya kunung'unika, ila lawama wanaitupia mashine, na mashine haikumdanganya mtu. Tangu siku ya kwanza ilijulikana ingebeba askari wangapi. Mtunzi aliyeijua idadi hiyo, kisha akaandika kana kwamba hana habari, ndiye wa kuulizwa.

Tuanze na mashine yenyewe. Gemu linalokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde lina milisekunde 16 na ushei za kukamilisha kila kitu kabla fremu inayofuata haijadaiwa. Katika muda huo kila askari aamue aende wapi, atafute njia, asipenye katikati ya mwenzake, ainue upanga, viungo vyake vikunjike, kisha achorwe yeye na kivuli chake. Gharama nayo haipandi kwa kujumlisha tu. Ukitaka kila askari akaguliwe kama anagongana na kila mwenzake, askari 20 wanazaa jozi 190 za kukagua, na askari 1,000 wanazaa jozi 499,500. Waandishi wa programu wana mbinu za kuikwepa hesabu hiyo. Uwanja hugawanywa vipande vidogo ili askari awaangalie majirani zake peke yao. Walio mbali hupewa maumbo yenye pembe chache, au hugeuzwa picha bapa ambazo jicho halizigundui. Hata hivyo, muda wa prosesa ni kama hela ya korosho: ukiimaliza yote kwenye harusi, ada ya shule itakuja kukudai.

Sinema ndiyo iliyotuharibia macho. Mwaka 2002, filamu ya pili ya The Lord of the Rings ilionyesha jeshi la elfu kumi likiizingira ngome, kwa msaada wa Massive, programu ya Stephen Regelous iliyompa kila askari wa kompyuta uamuzi wake mwenyewe. Kompyuta za studio zinaweza kuichora fremu moja kwa saa kadhaa, na mtazamaji hatajua kamwe. Mchezaji wa gemu amebonyeza kitufe na anataka jibu sasa hivi. Ukimcheleweshea, atasema gemu linaganda, naye atakuwa amesema kweli.

Watengenezaji wamekikabili kikomo hiki cha mashine kwa njia mbalimbali. Warcraft III, iliyotoka mwaka huohuo wa 2002, iliweka kikomo cha chakula cha 90, na askari wa kawaida wa miguu alihesabiwa chakula 2. Hata usipoajiri kibarua wala mpiga mishale, huvuki askari 45. Mbona wachache walilalamika? Kwa sababu gemu zima lilijengwa juu ya mashujaa wenye majina, wanaopanda daraja na kujifunza mbinu mpya, na macho ya mchezaji yakawafuata hao.

Skyrim ya mwaka 2011 ilichukua njia nyingine. Ilipaswa kukaa ndani ya PlayStation 3 na Xbox 360, mashine zenye megabaiti 512 tu za kumbukumbu. Vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, ambavyo kila muuza duka na kila mlevi wa mjini anavizungumzia, vikageuka mapigano ya vikosi vidogo, na kwenye kioo asilimia ya maadui waliobaki inateremka kadiri unavyowaua. Hapo ndipo lalamiko linapostahili. Mdomo ulidai taifa zima linaungua, na kioo hakikuwa na cha kuonyesha wala cha kufidia.

Waturuki wa TaleWorlds mjini Ankara walikuwa wakweli zaidi. Katika Bannerlord, iliyoanza kuuzwa mwezi Machi 2020 kabla ya kukamilika, mchezaji mwenyewe huchagua kwenye mipangilio uwanja ubebe wapiganaji wangapi, hadi 1,000, kulingana na nguvu ya kompyuta yake. Jeshi likizidi hapo, waliobaki husubiri na kuingia kadiri wenzao wanavyoanguka. EVE Online, gemu la vyombo vya anga, iliamua kutoa muda sadaka. Katika pambano la Januari 2014 lililohusisha wachezaji zaidi ya 7,000, seva zilipunguza mwendo wa saa ya gemu hadi asilimia 10, ili kila risasi ihesabiwe. Europa Universalis IV ya mwaka 2013, ambamo mchezaji anaweza kuitawala Kilwa, ilitoa sadaka sura. Kikosi ni watu 1,000, na jeshi la maelfu linasimama ramanini kama mtu mmoja mwenye namba ubavuni. Kila mmoja alijua anachokitoa ili apate anachokitaka.

Pwani yetu ilikwisha kukutana na tatizo hili kabla ya umeme. Mwaka 1728 Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate alitunga utendi mrefu wa vita vya Tambuka, dhidi ya Herekali, mfalme wa Warumi. Katika historia, jeshi la Waislamu lilifika Tabuk, ndiyo Tambuka ya utendi, mwaka 630 na kurudi bila kupigana na Warumi. Katika utendi, vita vimekuwa vikubwa kweli. Naye mtunzi alikuwa na kikomo kikali kuliko cha prosesa yoyote: mizani nane kwa kipande, vipande vinne kwa ubeti. Huwezi kumchora kila askari ndani ya mizani thelathini na mbili. Tendi za aina hii hulitaja jeshi kwa idadi, kisha huwatoa mashujaa uwanjani mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake, majigambo yake na mwisho wake. Wingi unabaki kwenye hesabu, macho yanabaki kwa mtu. Ni ujenzi uleule wa Warcraft III, miaka 274 kabla yake.

Sasa tushuke Mahurunga, kata ya Mtwara iliyo jirani na mdomo wa Ruvuma, tukaupime ukubwa wa vita halisi. Mwezi Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wareno waliitwaa Kionga, kusini mwa mto. Mwezi Mei wakajaribu kuvuka kuja upande huu, uliokuwa wa Wajerumani, huku meli za kivita Adamastor na Chaimite zikipiga mizinga. Wakarudishwa kwa risasi. Baadaye mwaka huo Jenerali Ferreira Gil alivuka kwa nguvu kubwa zaidi akafika Newala, na kabla mwaka haujaisha majeshi yake yalikuwa yamerudi ng'ambo. Waliojaribu kuvuka mwezi Mei walikuwa mamia tu. Pambano lile linaingia lote ndani ya kikomo cha Bannerlord, askari kwa askari, bila kupunguza hata mmoja.

Lakini gemu litakaloonyesha pambano hilo peke yake litakuwa limevikosa vita vyenyewe. Maradhi yaliwaua Wareno wengi kuliko risasi. Upande wa Waingereza, kampeni nzima ya Afrika Mashariki ilitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa kati yao wanahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000. Ukubwa wa vita ulikuwa migongoni. Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 za unga, anayekula kilo moja kwa siku. Siku ya ishirini na tano ameumaliza mzigo wote, na askari aliyetumwa kumlisha hajapata hata kibaba. Ili unga umfikie askari aliye mbali, lazima wapagazi wawalishe wapagazi, na kila hatua ya safari inaongeza midomo.

Hesabu hiyo haihitaji viungo vya kukunjika wala kivuli. Ni kutoa na kujumlisha, na simu ya bei nafuu iliyo mkononi mwa kijana wa Mahurunga inaifanya kwa watu milioni kabla hajapepesa jicho. Mashine inaweza kushindwa kuchora miili elfu kumi, lakini haishindwi kuhesabu njaa ya laki tano, kina cha mto wakati wa masika, wala homa inayopita kambini. Watengenezaji wanatumia nguvu zao zote kwenye kile kilicho ghali kwa mashine, na wanaacha kile kilicho rahisi, ambacho ndicho kinachovifanya vita kuwa vikubwa.

Atakuwepo wa kubisha kwamba kuna vita ambavyo wingi wa miili ndio habari yenyewe. Ni kweli. Mwishoni mwa Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji wa Maji Maji walilielekea boma la Mahenge wakiamini dawa ya kuwakinga na risasi, mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani. Ukiwaonyesha ishirini, umeifuta imani yao pamoja na msiba wao. Hapo mtunzi atumie milisekunde zake zote kwenye umati, hata nyuso zifanane, na akubali kupoteza mengine. Hata hivyo, wengi wa waliokufa katika vita vile hawakufa uwanjani. Waliuawa na njaa, baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, na njaa hiyo, tumekwisha kuona, mashine inaiweza.

Kwa hiyo wachambuzi wa toleo hili tumewapa maswali matatu kwa kila gemu wanalolijadili. Mashine inabeba wangapi? Hadithi inadai wangapi? Na pengo kati ya idadi hizo mbili limezibwa kwa kitu gani: kwa shujaa, kwa namba, kwa muda, au kwa maneno matupu? Msomaji ataona kwamba magemu kadhaa yenye sifa kubwa yanaanguka kwenye swali la tatu, na mengine madogo yanalivuka bila jasho.

Swali hilohilo tunawapelekea vijana wa kusini wanaojifunza kutengeneza magemu kwa kompyuta za kuazima na simu zinazopata moto. Anayesubiri mashine kubwa ili atunge vita vikubwa anasubiri kitu asichokihitaji. Aanze na hesabu ya unga, mzigo na siku za njiani. Hiyo ikishasimama, ndipo aamue ni askari wangapi wanaostahili kuchorwa.