Mwanafunzi wa Kiswahili Alale Wapi Mombasa?

Kila zinapowadia likizo ndefu, idara zetu za Kiswahili hushuhudia pilkapilka zilezile. Wanafunzi wa uzamili hufunga virago kwenda Mombasa kukusanya data, nao wenzao wa shahada ya kwanza huchanga fedha za ziara ya kimasomo. Hojaji hupigwa chapa, barua za utambulisho hutiwa muhuri na vinasa sauti hujaribiwa. Swali la malazi huachwa hadi karibu na siku ya safari, na anayeulizwa hujibu bila kufikiri: "Popote, mradi pawe na utulivu."

Katika makala haya ninakusudia kulihoji jibu hilo. Ninashikilia kwamba mtaa anaolala mtafiti wa lugha ni sehemu ya mbinu yake ya utafiti, sawa na hojaji na kinasa sauti, na kwamba wengi wetu tunapotafuta utulivu huishia kukimbia kile kilichotupeleka Mombasa.

Mkosi huu ulinipata mimi mwenyewe. Nilipokwenda huko kutafiti ushairi, nilimwomba rafiki anitafutie mahali patulivu, akanielekeza Nyali, ng'ambo ya kisiwa upande wa kaskazini. Sina la kuulaumu mtaa huo. Miti ina vivuli, kuta ni ndefu na upepo wa bahari unafika hadi chumbani. Kwa siku 6 nililala vyema na kusoma sana. Siku ya 7 nilipolifungua daftari langu la nyanjani, nilikuta nimeandika kurasa 3 pekee. Mtu niliyekuwa nimezungumza naye zaidi ni bawabu wa jengo, mtu wa bara kama mimi, na sote wawili tulikuwa tukisema Kiswahili tulichofundishwa shuleni.

Kiini cha tatizo kilikuwa saa. Kila asubuhi nilipanda matatu, nikavuka Daraja la Nyali katika msongamano na kuingia Mji wa Kale jua likiwa limekwisha kupanda. Wazee waliokuwa wameketi barazani tangu alfajiri walikuwa wameshatawanyika. Alasiri, walipokuwa wakirejea kunywa kahawa na kuzungumza, mimi nilikuwa natafuta gari la kurudi kabla ya giza. Kwa ufupi, nilikuwa nikifika watu wakiondoka, na kuondoka watu wakifika.

Nikahamia Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, katika chumba cha ghorofani chenye dirisha la mbao. Usiku wa kwanza niliamshwa na adhana ya alfajiri kutoka misikiti kadhaa kwa pamoja, na nikajuta. Kulipopambazuka, mama mmoja wa nyumba ya jirani alimwita mtoto wake kwa sauti: "Ndoo!" Nilishtuka. Darasani nilikuwa nimefanya mtihani kuhusu uhusiano wa nd ya Kimvita na nj ya Kiswahili sanifu, pamoja na mifano ya mato na macho, mtele na mchele. Niliujibu na kufaulu, lakini sikuwa nimewahi kuisikia sauti hiyo ikitumika kumwita mtoto anywe chai. Wala sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini barabara niliyoipita kila siku inaitwa Ndia Kuu.

Tukumbuke kwamba mkutano wa 1928 uliopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa kwenyewe, nyumbani kwa Kimvita. Tangu hapo lahaja hii imekuwa kwetu sura katika kitabu cha isimujamii. Muyaka bin Haji (1776-1840), ambaye tunamchambua darasani kana kwamba alizaliwa ndani ya diwani, alikuwa mtu wa mji huu. Atakayeuelewa ushairi wake ni yule atakayezisikia pia pumzi za wanaoisema lahaja yake leo, hata kama vijana wao wanaichanganya na sheng na Kiswahili cha bara. Pumzi hizo hazivuki daraja kumfuata mtafiti chumbani.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Watasema kwamba Mji wa Kale hauna utulivu wowote: watalii hufurika karibu na Ngome ya Yesu, tuktuk na pikipiki hupita, na harusi hukesha. Ninakubali, ila ninaongeza kwamba kelele za mtaa huu zina mahali pake na majira yake. Vichochoro vingi vya ndani ni vyembamba mno hata gari halipiti, na ukiingia nyumba chache tu kutoka barabarani, ngurumo za injini hupungua kabisa. Mwezi wa Ramadhani mchana huwa kimya na usiku huchangamka hadi wakati wa daku; anayetaka mahojiano ya saa nne asubuhi mwezi huo asije akamlaumu mwenyeji aliyelala. Aidha, kati ya Desemba na Machi, msimu wa kaskazi, joto halikuruhusu kufunga dirisha. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza dirisha linatazama wapi. Linalotazama ua wa ndani litakupa usingizi. Linalotazama kichochoro litakupa lugha. Mimi nililipa kwa usingizi, na sijutii.

Hoja ya pili ni usalama, hasa kwa dada zetu. Ugeni ni ugeni popote, na kutembea peke yako usiku wa manane mahali usipopajua si ushujaa. Hata hivyo, katika mitaa ambayo watu huketi vizingitini, mgeni aliyetambulishwa huangaliwa na macho mengi. Jambo la kwanza ni kutafuta mtu wa kukutambulisha, awe mwalimu, mwanafunzi mwenzako mwenyeji au mzee wa mtaa. Barua yenye muhuri wa chuo haifui dafu mbele ya mtu mmoja anayesema, "Huyu ni mgeni wangu."

Hoja ya tatu haitajwi sana, nami ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Tunapozungumzia mtaa mtulivu, tunasahau kwamba utulivu huo una wenyewe. Wanafunzi 40 wanaoshuka basini na mabegi, wakicheka na kupigana picha kwenye milango ya watu, huuondoa mara moja. Nimemwona mwanafunzi akimwelekezea bibi kinasa sauti kabla ya kumwamkia. Bibi alijifunika uso kwa buibui, akaingia ndani na kufunga mlango. Hakuna hojaji iliyoufungua tena. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mara nyingi huja tukapona wenyewe, tukapata shahada, na mwenyeji akabaki na uchovu wa maswali yetu.

Ninapendekeza basi kwa viongozi wa chama chetu na kwa wahadhiri wanaosimamia ziara kwamba tuache kupeleka kundi zima katika hoteli moja ya ufuoni na kuliita hilo utafiti wa nyanjani. Tugawane katika vikundi vya watu wanne au watano, tulale katika nyumba za wageni ndani ya Mji wa Kale au kwa wenyeji walio radhi kutupokea kwa malipo ya haki. Siku ya kwanza iwe ya kuamkia na kusikiliza tu, vinasa sauti vikiwa mkobani. Mavazi yetu yafuate desturi ya mahali. Tasnifu ikikamilika, nakala moja irudi kwa waliotupa maneno yaliyomo.

Ambaye amekwenda Mombasa kupumzika, na aende Nyali au ufuoni kokote. Ni haki yake, nami huenda siku moja nikamfuata. Ila aliyetumwa na idara kuitafuta lugha hana budi kulala mahali ambapo lugha hiyo inaamka.